Dirisha la Treni na Daftari Mfukoni

Ndugu waandishi, habari za asubuhi. Shikamooni wakubwa zangu. Nimeombwa nizungumzie safari, ubunifu na maisha ya kila siku. Nitaanza na daftari, kwa kuwa mambo hayo matatu hukutana hapo, na maandishi mengi ya safari hufia hapo hapo. Mwandishi anakwenda Kigoma kwa reli na kurudi Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 2,500, halafu anatuletea "mandhari ya kuvutia" na "watu wakarimu". Maneno hayo angeweza kuyaandika bila kutoka Kariakoo.

Chukueni daftari dogo linaloingia mfuko wa shati, lenye jalada gumu, maana mtaandikia gotini. Kaunta buku iacheni nyumbani. Ukiifungua ndani ya behewa, watu wanadhani umetumwa na serikali kuwahesabu, na mazungumzo yanakatika. Kalamu ya wino ni ya mezani. Safarini kuna jasho, mvua na chupa ya maji iliyofungwa vibaya, na ukurasa mmoja ukilowa umepoteza Manyoni yote. Tumieni penseli, mbili, na kichongeo. Andikeni kurasa za mkono wa kulia tu. Za kushoto ziachwe wazi, kwa sababu usiku mtakumbuka jambo ambalo mchana lilipita haraka, na litahitaji mahali pa kukaa karibu na mwenzake.

Kila andiko liwe na saa, mahali, kitu kilichoonekana na maneno yaliyosemwa. Kwenye saa ndipo tunapojiumiza wenyewe. Tiketi inasema 20:00, simu inasema 8:00, mtangazaji wa stesheni anasema saa mbili usiku. Wewe umeandika "saa 8". Wiki tatu baadaye hujui kama treni iliondoka giza limeshaingia au mchana wa jua kali, na aya nzima inasimama juu ya jambo hilo. Shikeni saa za Kiswahili, na kila mara mwongeze alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Neno moja tu, lakini linaokoa mengi.

Sasa tupande treni. Nimechagua Reli ya Kati, ile ya zamani ya upana wa mita moja, iliyojengwa na Wajerumani ikafika Kigoma mwaka 1914. Nimeichagua kwa ajili ya mwendo wake. Inasimama, na ikisimama inakupa nafasi ya kutazama. Bidhaa za dirishani zinakwambia ulipo kabla hujasoma kibao cha stesheni. Dodoma ni zabibu na karanga. Ukivuka Manyoni kuelekea Itigi na Tabora, asali. Uvinza ni chumvi. Kigoma ni dagaa na mawese. Mpe msomaji vitu hivyo kwa mpangilio wake naye atasafiri, bila wewe kumwandikia kwamba njia ilikuwa ndefu.

Tukae kidogo na hiyo asali. Iko kwenye chupa ya plastiki iliyokwisha kutumika, ya maji au ya soda. Mara nyingi kizibo si chake: chupa ya maji, kizibo chekundu. Lebo imebanduliwa, na pale ilipokuwa gundi imebaki, vumbi limeshika, pamefanya mkanda wa kijivu. Mnunuzi mzoefu haulizi kama asali ni safi. Anaipindua chupa, chini juu, kisha anatazama kiputo cha hewa. Kikipanda polepole, anatoa hela. Kikikimbia, anairudisha. Noti inashuka, chupa inapanda, mikono inakutana kwenye fremu ya dirisha. Honi ikilia kabla chenji haijarudi, muuzaji hukimbia sambamba na behewa, mkono mmoja umeshika ndoo kichwani, mwingine umeinuliwa na sarafu ndani ya kiganja. Mwandishi aliyeyaona hayo hana haja ya neno "umaskini", wala "uaminifu". Msomaji ataona ile sarafu na kuamua mwenyewe. Lakini lazima uwe umeandika kwamba kizibo kilikuwa chekundu. Ukikosa kizibo, aya yote inalegea, na hutajua kwa nini.

Treni ikiwa mwendoni msijaribu kuandika sentensi. Behewa linayumba, mwandiko unakuwa kama nyayo za kuku, kesho hausomeki. Andikeni neno moja moja, kwa herufi kubwa: KIZIBO, KIPUTO, SARAFU. Ikisimama, jazeni. Simu itumike kupiga picha ya kibao au ya bei iliyoandikwa ukutani, basi. Ukishapiga picha ya kitu, akili inaona kimeshahifadhiwa, inaacha kukitazama. Na picha haina harufu ya mawese. Kurekodi sauti za watu bila kuwaomba ruhusa msithubutu. Huo ni wizi hata kama nia ni nzuri.

Kanga nazo. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina huchapwa kwa herufi kubwa. Linakilini kama lilivyo, na makosa yake ya tahajia kama yapo. Safarini mara nyingi mtasoma nusu tu, kwa sababu nusu ya pili imefungiwa mtoto mgongoni. Andikeni hiyo nusu, na msiimalizie kwa kubuni. Nusu ya jina la kanga, na mtoto aliyelalia nusu iliyobaki, ni mali kubwa kuliko methali iliyokamilika.

Wapo wanaolalamika kwamba treni mpya ya umeme haina cha kuandikwa. Imeanza kubeba abiria mwaka 2024 kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, inafika kilomita 160 kwa saa, na madirisha yake hayafunguki. Ni kweli, muuzaji wa dirishani hayupo. Lakini mimi sikubaliani nao. Mambo yamehamia ndani. Treni ikiingia handaki upande wa Kilosa, dirisha linageuka ghafla kuwa kioo cha kujitazamia. Abiria aliyekuwa akiangalia milima anajikuta ana kwa ana na uso wake, na mkono unakwenda wenyewe kwenye kola au kwenye ushungi. Handaki likiisha, mkono unashuka. Sekunde chache tu. Anayesubiri asali hataliona hilo.

Kazi hii ya kuandika safari haikuanza jana katika Kiswahili. Selim bin Abakari alifuatana na Mjerumani Bumiller hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, akaandika habari zake kwa Kiswahili, zikachapishwa Ujerumani mwaka 1901 katika mkusanyiko wa Carl Velten. Miaka miwili baadaye Velten huyo huyo akatoa kitabu cha desturi za Waswahili, ambacho sehemu kubwa yake ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Naomba mvitazame vitabu hivyo viwili kama mapacha: kimoja kinakwenda mbali, kingine kinakaa nyumbani kueleza arusi, chakula na ngoma. Jicho linalohitajika ni moja. Anayeweza kumweleza mgeni jinsi ya kukuna nazi, hatua kwa hatua, ndiye atakayeweza kumweleza jirani yake nchi ya baridi.

Daftari lifunguliwe usiku ule ule. Mkichelewa siku mbili, maneno ya watu yanageuka kuwa maneno yenu: mama wa Kigoma anaanza kuongea kama mhariri wa gazeti. Kila neno la herufi kubwa litoe sentensi mbili au tatu. Kisha iwekeni rasimu kando wiki mbili, mrudi na penseli, mfute vivumishi kwanza.

Halafu kuna kiambishi -ka-, kile cha kusimulia. Hapa naomba msikilize vizuri, kwa sababu ugonjwa huu ni wetu, hatukuuazima. "Tukapanda treni, tukakaa, tukala, tukalala, tukaamka, tukafika Itigi, tukanunua asali." Sarufi haina kosa, na msomaji amelala kabla yenu. Matendo yote yamepewa uzito mmoja, kama magunia kwenye mizani. Sasa sikilizeni hii: "Treni ilisimama Itigi alfajiri. Muuzaji akasukuma chupa dirishani, watoto wakikimbia kando ya reli. Asali ya huku huuzwa kwa chupa, hupimiwi." Hapo -li- imefungua mlango, -ka- imebeba tendo moja tu, -ki- imewaweka watoto nyuma wakiendelea na mbio zao, na hu- imetutoa kwenye alfajiri ile kutuonyesha desturi ya mahali. Viambishi vinne, na tayari pana mbele na nyuma. Mkihariri, zungusheni duara kila -ka-. Zikizidi tatu mfululizo, moja igeuzwe.

Tanakali za sauti zinahitaji tahadhari hiyo hiyo. "Giza totoro" na "kimya jii" zimechakaa kwa kushikwa na wengi. Sikilizeni breki za behewa lenu zinasemaje, muiandike sauti hiyo kwa herufi zetu, hata ikionekana ya ajabu.

Jicho hili hufundishwa nyumbani. Chagueni njia moja ya daladala mnayoipanda kila siku, na kila siku muandike kitu kimoja kisicho na kivumishi, kwa siku 30. Siku tano za kwanza ni rahisi: konda, maandishi ya kioo cha nyuma, bei. Kuanzia siku ya sita hivi mtasema hakuna jipya, na wengi huacha hapo. Msiache. Siku ya tisa au ya kumi mtaanza kuona namna konda anavyokunja noti kwa urefu na kuzipanga katikati ya vidole, elfu moja upande mmoja na elfu mbili upande mwingine, akatoa chenji bila kutazama.

Sasa tutoke. Stendi iko dakika tano kwa miguu kutoka hapa. Mna dakika 20, ukurasa mmoja wa kulia, mistari kumi, bila kivumishi hata kimoja. Atakayemnukuu mtu amwombe kwanza. Tukirudi tutaanza na mstari wa saba, kwa sababu sita ya kwanza naijua.