Bendi Bila Tajiri: Tulivyoupata Mtindo Wetu Hapa Mbeya

Shikamooni wazee wetu mliokaa hapo mbele, na nyie wadogo zangu wa nyuma habari za asubuhi, poleni na baridi, najua Julai ya Mbeya kumtoa mtu kitandani Jumamosi saa tatu si kazi ndogo. Nimeombwa niongee kuhusu bendi isiyo na mwenyewe, maana mi na wenzangu saba huu ni mwaka wa sita tunaishi hivyo, hatuna tajiri, hatuna lebo, vyombo tumenunua kimoja kimoja na vingine mpaka leo tunaazima. Mi napiga gitaa la ridhimu. Ntasema nilichokiona, mwenye swali asisubiri mwisho, anyooshe tu mkono.

Kwanza tuelewane kwenye neno mtindo, kwa sababu vijana wengi wananifuata wananiuliza kaka tupate wapi saundi yetu, wakati wazee hilo jambo walishalipa jina zamani sana. Bendi ya Kitanzania ilikuwa haijakamilika mpaka iwe na mtindo wake, na mtindo una jina. Mlimani Park wa Dar walipoanza 1978 wakajiita Sikinde, na sikinde ni ngoma ya Wazaramo, yaani watu wako mjini, wana magitaa ya umeme na masaksafoni, ila jina wamelichukua uwanjani kwa bibi zao. Na msifikiri mambo yote yalikuwa Dar. Mbaraka Mwinshehe aling'arisha jina lake akiwa na Morogoro Jazz, akaunda Super Volcano 1973, na hadi anafariki kwa ajali kule Kenya mwaka 1979 Morogoro ilikuwa inajulikana kwa gitaa lake. Tanga walikuwa na Atomic na Jamhuri. Na hapa jirani zetu Iringa, wazee mnaijua hii, kulikuwa na TANCUT Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, wale mapacha Kasaloo na Kyanga wakiimba pale unasikia sauti moja imegawanyika mara mbili, na mtindo wao ukiitwa Fimbo Lugoda.

Sasa angalieni tofauti. TANCUT ilikuwa na kiwanda nyuma yake, mwanamuziki ni mwajiriwa, gitaa ni la shirika, mwisho wa mwezi kuna mshahara. Ukiwa na hali hiyo unaweza kukaa miezi mnafanya mazoezi kila siku asubuhi mpaka wimbo unaiva, halafu mnasafiri kwenda kurekodi Radio Tanzania na nchi nzima inawasikia kwa sababu redio ni hiyo hiyo moja. Sisi mashirika hayo hatukuyakuta, kwahiyo nikisema wazee walikuwa na mtindo simaanishi sisi ni wavivu, namaanisha wao walikuwa na muda, na muda ule kuna mtu alikuwa anaulipia. Sisi muda wetu tunaununua wenyewe, besi wetu anaendesha bajaji, mpiga drams ana kibanda cha kuchomelea pale Mafiati, mazoezi tunafanya saa nne usiku kwenye stoo ya mahindi, tena kwa sauti ndogo, kuna majirani.

Miaka mitatu ya kwanza tulipiga kopi, yaani nyimbo za watu wengine. Baa moja maeneo ya Mwanjelwa, Ijumaa na Jumamosi, rumba za Kikongo na zilipendwa, na sitaki kuidharau kopi maana ndo iliyonifundisha mkono wangu wa kulia, huwezi kujua kwanini chemko, pale wimbo unapochangamka, linawainua watu mpaka ulipige mara mia mbele ya watu waliochoka na kazi. Lakini kuna kitu kilikuwa kinaniuma. Watu walicheza, walitutunza, asubuhi ukikutana nao sokoni wanasema nyie si ile bendi ya pale baa? Bendi ya pale baa. Miaka mitatu na hakuna hata mmoja anayejua tunaitwaje. Siku moja tukaingiza wimbo wetu katikati, tuliutunga kwa kuiga kabisa vile tulivyokuwa tunakopi, na ukumbi mzima ukakaa chini. Hawakuzomea, walikaa tu wakaanza kuongea mambo yao. Mi niliwaelewa, maana kama ni kuiga basi bora wasikie chenyewe.

Kilichotubadilisha ni msiba. Bibi yake mwimbaji wetu alifariki Tukuyu, tukaenda wote kuzika, na mnajua kule kwetu Moravian wamefika Rungwe tangu 1891 na mambo yao ni tarumbeta. Asubuhi ile ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, humwoni mtu wa mita ishirini, ghafla bondeni zikaanza tarumbeta na tromboni, sauti nne, polepole sana, hatuwaoni wapigaji. Mi nimekulia kwenye hiyo kitu. Nimeisikia tangu niko mgongoni kwa mama, na sikuwahi hata siku moja kuifikiria kama muziki wangu, niliiona ni kitu cha kanisa na cha msiba basi. Mpiga solo wetu, kijana wa Makambako, alikuwa hajawahi kusikia, akanishika mkono akaninong'oneza, kaka hii kitu mnayo siku zote mmekaa nayo tu? Nilikosa jibu, na mpaka leo lile swali lake ndo somo kubwa nililowahi kupewa kwenye muziki.

Tukaomba ruhusa kwa wazee wa kanisa, hilo nalisisitiza, hatukuchukua nyimbo za ibada tukazipeleka baa, tuliomba vijana wawili waje mazoezini na ala zao, tarumbeta moja na tromboni moja. Na hapo ndo tabu ikaanza, tena tabu ya kweli, maana kila tukipiga pamoja inatoka chachu. Miezi karibu sita tulikuwa tunamlaumu yule mdogo wa tarumbeta kwamba hana sikio. Mtoto wa watu alikuwa anaenda nyumbani analia. Siku moja mzee aliyewafundisha kanisani akaja kutusikiliza, akakaa, akaichukua tarumbeta akaipapasa, akasema hii ni ya baridi, ikiwa ya baridi inashuka sauti. Halafu akaniuliza, na nyuzi zako zinafanyaje? Nyuzi za chuma zikipata baridi zinajikaza, sauti inapanda. Kwahiyo usiku wa baridi shaba inashuka huku gitaa linapanda, na sisi tunatyuni, yaani tunalinganisha sauti za ala, ndani ya stoo kwenye joto la watu nane halafu tunabeba vyombo kwenda kupiga uwanjani saa tano usiku. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, wenzetu wa pwani hii shida hawaijui! Tukamwomba yule dogo msamaha mbele ya wote. Tangu siku ile sheria yetu ni moja, ala zinatangulia kukaa pale tutakapopigia, wapuliza wanapuliza pumzi ya moto ndani yake dakika kumi kabla, na hakuna kutyuni mpaka tarumbeta iwe tayari, gitaa ndo linamfuata.

Kitu cha pili ni funguo, yaani ile noti ambayo wimbo mzima umejengwa juu yake. Vijana wa kanisa wamezoea B flati na E flati, mdomo na vidole vyao vinakaa huko, sisi wa magitaa tunapenda G na A maana nyuzi ziko wazi, unazipiga bila kuzibana na kidole. Kwanza tuliwalazimisha waje kwetu, zikawa zinatoka noti za woga. Tukaamua sisi ndo tuhame. Nikafunga kapo kwenye gitaa, kile kibano cha shingoni kinachopandisha sauti ya nyuzi zote, mpiga solo akakataa kapo akajifunza upya vidole vyake vyote, na katika kuhama huko ule mkono wa rumba ukafa wenyewe, mimi siwezi tena kuteleza kwenye nyuzi wazi, nikabaki nakata kata fupi chini ya tarumbeta. Watu wakisema sasa hivi nyie mna saundi yenu, wanachokisikia ni hicho, magitaa yaliyohama nyumba kuwafuata wapuliza tarumbeta.

Dada pale nyuma ameuliza wasikilizaji tuliwapataje. Asante. Niseme ukweli, mwanzoni tulikosea. Tulihangaika na Dar. Kuna promota alituita, akatuambia tuje na nauli yetu atarudisha, tukachanga, tukapanda basi watu kumi na vyombo, kufika shoo imeahirishwa na simu haipokelewi, tukalala stendi siku mbili. Deni lile tulilipa miezi minane. Wakati huo huo hapa hapa barabara ya Kyela kuna Kosta zinapita kutwa nzima Uyole hadi Tukuyu, kila moja ina redio na kila abiria amekaa humo zaidi ya saa moja hana pa kwenda. Tulirudi tumenyong'onyea, besi wetu ndo akatoa wazo, anawajua madereva wale kwa sababu ya bajaji yake, tukanunua flash ishirini tukaweka nyimbo zetu nne, tukazigawa mkononi kwa mkono. Hatukuomba wapige kila saa, tuliomba tu wajaribu alfajiri. Baada ya wiki chache mama mmoja anayeuza ndizi Uyole alituona tumebeba tromboni, akasimama, akasema nyie ndo wale wa kwenye gari, ule wimbo unanikumbusha baba yangu, ndaga fijo wanangu, yaani asanteni sana kwa Kinyakyusa. Akatupa mkungu. Namba za kwenye simu nazifuatilia, sijidai, lakini hakuna namba iliyowahi kunifanya nikae chini barabarani nishindwe kuongea kama yule mama.

Na simu zenyewe zilitufundisha kitu. Msikilizaji wetu mkubwa anasikilizia kwenye spika ya simu, ndogo kama ukucha. Waya mnene wa besi ukiupiga wazi ni mitetemo 41 kwa sekunde, ile spika haiwezi kabisa kuitoa hiyo, besi inapotea yote, wimbo unabaki na mifupa. Tulikuwa tumetumia pesa nyingi kurekodi besi nzuri ambayo nusu ya watu hawaisikii! Tukarudi studio, tukamwambia wa tromboni apige mstari ule ule wa besi ila juu yake, oktavu moja, yaani noti zile zile kwa sauti nyembamba zaidi, kwenye kiitikio. Sasa kwenye spika kubwa unasikia wawili, kwenye simu unasikia tromboni na sikio linajijazia besi lenyewe. Kila wimbo kabla hatujautoa tunausikilizia kwenye simu iliyowekwa ndani ya sufuria na kwenye redio ya Kosta injini ikiwa inaunguruma. Usipopita hapo hautoki.

Karatasi nizigusie haraka. Jisajilini BASATA, baraza la sanaa la taifa, nyimbo pelekeni COSOTA, wale wa hakimiliki, sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999 lakini haikulindi kama wewe mwenyewe hujui nani alitunga nini. Sisi mwimbaji mmoja aliondoka akasema wimbo ni wake, na kusema haki mistari ilikuwa yake, melodi ilikuwa ya watu watatu, hatukuwa tumeandika popote. Tulikaa tukayamaliza kindugu ila tulipoteza rafiki. Siku hizi mazoezi yakiisha tunaandika kwenye daftari, tarehe, nani kaleta nini, kila mtu anasaini. Daftari la shule tu, la kurasa tisini na sita.

Nasikia kule nje wapuliza wameshaanza kupasha ala moto, mnawasikia? Yule wa tarumbeta ndo yule dogo tuliyemliza, sasa hivi yeye ndo anatupa noti sisi wote. Wapeni kama dakika tano hivi zipate joto, mi nikafunge kapo, tuwapigie ule wimbo wa kwenye Kosta.