Mpigeni Picha Humo Humo Ufani

Ndugu wapiga picha, nimeombwa nizungumzie kobe, na najua wapo waliojiuliza kuna ujuzi gani wa kumpiga picha mnyama asiyekimbia. Basi nimewaletea anayekimbia.

Huyu ni kobe bapa wa majabali ya Tanzania na Kenya. Utamkuta Tarangire na Ruaha, utamkuta Kitui hadi Samburu. Mkubwa wake ana urefu wa sentimita 18 hivi, na kwenda juu ni sentimita tatu au nne tu. Chapati yenye miguu. Gamba lake ni jepesi, mifupa yake ina matundu, nalo hubonyea. Kobe wengine wakishtuka hujikunyata ndani ya gamba. Huyu lake halimkingi sana, kwa hiyo hutimua mbio, akaparamia jiwe na kujichomeka ufani. Zamani ilidhaniwa hujijaza hewa ili akwame humo. Waliompima walikuta ni miguu na kucha tu.

Sasa zikumbukeni picha zake mlizowahi kuona: yuko nyasini, jua la utosi, kichwa juu. Nikiona picha ya namna hiyo huuliza kwanza: nani alimtoa? Saa hizo mwenyewe huwa amejificha. Na kobe akinyanyuliwa kwa hofu huweza kumwaga maji ya kibofuni, ambayo kiangazi ndiyo akiba yake. Wewe unaondoka na picha, yeye anaisubiri mvua.

Mimi nataka picha ya ufani. Lala kifudifudi, kamera iguse jiwe, lenzi iwe ndefu ili usimsogelee. Chagua ufa unaotazama mashariki; asubuhi jua huingia lenyewe. Utaona ukingo wa gamba, mistari ya manjano ikitawanyika kutoka katikati ya kila kigae, na kucha zilizong'ang'ania mwamba. Mwanga ukipungua, elekeza tochi ndogo kwenye jiwe la pembeni, si machoni mwake. Flashi ibaki mkobani. Mkono usiingize kabisa, maana nyoka na nge nao hupanga humo.

Wala msisogeze jiwe. Wanaowakamata kobe hawa ili wauzwe ng'ambo wamezipanua nyufa kwa jeki za gari na mitaimbo, na ufa ukishavunjika hakuna wa kuurudisha. Jike naye kwa kawaida hutaga yai moja kwa mara moja. Ndiyo maana mwaka 2019 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, zilimpandisha hadi Kiambatisho cha Kwanza, orodha yenye ulinzi mkali kuliko zote, hivyo biashara ya kimataifa ya kobe hawa waliokamatwa porini ikafungwa. IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira asilia, nayo imemweka daraja la walio hatarini kabisa kutoweka.

Simu zenu nazo huongea: zinaweza kuandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Futeni hilo kabla ya kuirusha mtandaoni, msije mkawaelekeza wakamataji, na kama nyuma kuna kilima ambacho kila dereva anakijua, kateni. Andikeni nchi, inatosha.

Mtaniuliza, je, mwongozaji akijitolea kumtoa? Mwambieni hapana kabla hamjafika jiweni, na mwambieni pia kwamba bahashishi yake iko pale pale. Wengine humtoa kwa kuhofia kwamba mgeni asiyepata picha hatatoa kitu. Haya, maswali. Wewe wa nyuma, anza.