Dakika 28 za Harlem na kaseti zetu za Tabora

Shikamooni wazee wangu, wengine, hamjambo. Mmoja amenipokea mlangoni na swali: "Leo tena Coltrane?" Leo tena. Nitaacha siku mtakayonisikia.

Jumapili tarehe 23 Aprili 1967, John Coltrane, Mmarekani wa muziki wa jazz, alipiga saksafoni Harlem, New York, kwenye kituo cha utamaduni wa Kiafrika cha Babatunde Olatunji, mpiga ngoma wa Nigeria. Alikuwa mgonjwa wa ini, na tarehe 17 Julai akafariki akiwa na miaka 40. Mwezi Mei alipiga tena Baltimore, kwa hiyo msije mkanikosoa kwamba Harlem halikuwa onyesho la mwisho. Lakini ndiyo rekodi yake ya mwisho ya jukwaani.

Sasa shikeni hili, mengine mkiyasahau shauri yenu. Wimbo wa kwanza unaitwa "Ogunde". Wiki chache kabla, Coltrane aliurekodi studio kwa dakika tatu na nusu hivi. Mzuri, mtulivu, umenyooka. Jukwaani Harlem, wimbo huohuo ulikwenda dakika 28! Pharoah Sanders anaichukua saksafoni anaipandisha mpaka unadhani mtu anapiga yowe la msiba, Rashied Ali kwenye drams hampi mtu pa kupumzikia, na Algie DeWitt yupo na ngoma ya Kiyoruba iitwayo "batá". Mtu aliyeishia kwenye ile ya studio hajui bendi hii ilikuwa inafanya nini mbele za watu. Anaijua anwani, nyumbani hajafika.

Sauti yenyewe? Mbovu, siwafichi. Saksafoni zinaielemea maikrofoni mpaka zinakwaruza, na piano ya Alice Coltrane, mke wake, unaisikia kwa kuitafuta. Albamu haikutoka mpaka 2001, miaka 34 baadaye. Lakini ilitoka, kwa sababu mkanda ulikuwepo.

Hapa ndipo ninapogombana na mji wangu. Bendi zetu za dansi, Tabora Jazz, Nyanyembe, Kiko Kids: siwaelezi, wengine humu mmewachezea mpaka viatu vikaisha soli. Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi zetu, na ishukuriwe. Lakini santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, upande mmoja ni dakika nne, tano. Wimbo ukizidi, unaigeuza upande wa pili. Dansini nani alikuwa anaangalia saa? Waimbaji wakishamaliza beti zao, magita na saksafoni ndiyo kwanza wanaanza kuulizana na kujibizana. Hayo marefu yako wapi? Mtaniambia mzee fulani anayakumbuka. Anayakumbuka, sawa, basi anipigie gita la solo kwa mdomo!

Kuna bwana mmoja, mtaa sitautaja, alikuwa na kaseti ya dansi aliyoinasa mwenyewe, redio kaseti ameiweka juu ya meza katikati ya chupa za bia. Alikuwa mwangalifu: vile vijino viwili vya nyuma ya kaseti alivivunja, asiweze mtu kurekodi juu yake. Kijana wake akaokota karatasi ya sigara, akaikunja, akaziba vile vitundu, akabonyeza kitufe chekundu. Nilipokwenda kuisikiliza nikakuta mnada wa keki ya harusi. Upande A wote keki, upande B bibi harusi analishwa. Mwishoni kabisa, keki ilipokwisha, nikapata sekunde chache za saksafoni, halafu mkanda ukakata. (Kicheko.) Chekeni, mimi sikucheka.

Namwona mwalimu pale anatikisa kichwa: kelele za Wamarekani zinatuhusu nini, hazichezeki. Mwalimu wangu, hata McCoy Tyner na Elvin Jones, waliompigia Coltrane piano na drams kwa miaka, waliondoka kundini, mmoja mwishoni mwa 1965, mwingine mapema 1966, muziki ulipoelekea huko. Sikuombi uupende. Nakuomba uone kwamba aliyeuchukia na aliyeupenda wote wanabishana juu ya kitu kinachosikika. Sisi tunabishana juu ya hewa.

Nilitaka kusema pia habari ya haki za wanamuziki na familia zao, ni jambo zito, lakini mwenyekiti ameshaniangalia mara mbili. Na vijana wenye simu: ukirekodi bendi, rekodi wimbo mzima, usiukate pale unapochanganya. Kaseti za zamani msiziweke juani wala jikoni, na msizijaribishe kwenye redio mbovu ikazitafuna. Zileteni, tutazihamishia kwenye kompyuta na mtarudi nazo.

Sasa tunapiga "Ogunde", dakika 28 zote. Anayetaka kutoka atoke sasa hivi, maana mlango ule una kelele kuliko Pharoah Sanders.