Chanjo za chuo Marekani: tafuta kadi ya kliniki kabla hujapanda ndege

Mwakeye wadau, mwisho wa reli mpo? Haya, leo sina habari za barafu wala bei ya nyanya, leo ni chanjo, maana tangu watu waanze kupata admisheni inboksi yangu imejaa madogo wa Kigoma, Kasulu, mpaka Tabora, na wote swali moja, kaka ni kweli huko chuo cha serikali hawakupokei bila kuchanjwa? Ni kweli. Ila sio vile mnavyohadithiana kwenye magrupu ya wasap.

Kwanza hakuna sheria moja ya Marekani nzima, kila jimbo lina yake. Mimi nipo New York kwahiyo naongelea New York. Uliyepata chuo Texas usije ukanitukana, kule wanachokomalia ni chanjo ya homa ya uti wa mgongo kwa mwanafunzi mpya aliye chini ya miaka 22, na uwe umechoma siku 10 kabla masomo hayajaanza. Huku kwetu kubwa ni surua, matumbwitumbwi na rubella, zote tatu zipo kwenye sindano moja inaitwa MMR. Ukisoma krediti 6 na kuendelea kwa muhula (krediti ndio wanavyohesabu uzito wa masomo), na umezaliwa kuanzia 1957, inakuhusu, chuo kiwe cha serikali au cha binafsi. Surua dozi mbili, hizo zingine moja moja. Kwa kawaida una kama siku 30 tangu masomo yaanze, zikiisha hujaleta karatasi wanakusimamisha masomo, na vyuo vingi wanakufungia akaunti, unataka kusajili masomo inakugomea.

Sasa sisi wa nyumbani tunakwama wapi? Kwenye kadi ya kliniki. Mimi bi mkubwa alifukua sanduku kule Ujiji akaikuta chini ya karatasi za kiwanja, imekunjwakunjwa, mende wameshatafuna pembe moja, akapiga picha akanitumia. Inasomeka fresh kabisa, mwandiko wa nesi kwa peni ya bluu, mhuri wa zahanati, surua, miezi 9. Nikaenda nayo kifua mbele. Mama wa ofisi ya afya ya chuo akatazama tarehe ya kuzaliwa, akatazama tarehe ya sindano, akahesabu, akanirudishia. Hii haihesabiki!

Yaani dozi ya kwanza wanayoitambua ni ile uliyochomwa ukiwa umeshatimiza mwaka. Kwetu tunachoma miezi 9 kwa sababu surua yetu inawahi watoto wadogo, haisubiri mtu afike mwaka, kwahiyo sio kwamba sindano yetu ilikuwa feki, ni kwamba kwenye fomu yao haina pa kuingia. Dozi ya pili ya miezi 18 Tanzania imeanza 2014, wengi wenu mlikuwa mmeshamaliza kliniki zamani. Afu kuna ile kampeni ya Oktoba 2014 ya surua-rubella, watoto wa miezi 9 mpaka chini ya miaka 15, wengi mnaonitazama mlipangwa foleni shuleni mkachomwa. Nzuri sana hiyo, ila karatasi yake nani anayo? Na matumbwitumbwi kwenye ratiba yetu hayapo kabisa.

Kwahiyo njia ni mbili. Unapima damu waangalie kama mwili una kinga, ikionekana ipo yanaisha. Au unachoma MMR mara mbili, na katikati lazima zipite siku 28. Sasa weka hizo 28 pembeni ya zile 30 uone unavyobanwa ukisubiri mpaka ufike huku! Ulizeni hospitali binafsi za Dar kabla ya safari, na ukifika huku anza idara ya afya ya kaunti kabla hujaenda famasi, bei utaniambia mwenyewe.

TB nayo. Sio chanjo ila vyuo vingi wanatupima sisi wa kutoka nje. Lile kovu la bega la kulia ni la BCG, chanjo ya TB ya utotoni, huku watoto hawachomwi, na ukipimwa kwa kile kisindano cha chini ya ngozi mkono unaweza kuvimba kwa sababu ya BCG tu, wakuone mgonjwa, uanze kutumwa eksirei. Omba kipimo cha damu, hicho BCG haikisumbui.

Kuna bro mmoja kaniandikia kwamba huku ndio nchi ya uhuru mbona wanalazimisha. Bro, wamelazimisha kabla babu yako hajazaliwa. Mwaka 1905 mahakama yao kuu ilikaa na kesi ya mtu wa Massachusetts aliyekataa chanjo ya ndui akapigwa faini dola 5, na akashindwa. Mimi naungana nao, na nyie wa Kigoma mnajua kwanini, 2015 wakimbizi wa Burundi walivyorundikana kijijini Kagunga, meli ya Liemba inawabeba kuwaleta mjini, kipindupindu kilivyopita mle. Hosteli ya chuo ndio Kagunga yenye hita. Na surua ni mbaya zaidi kwa kuambukiza, mgonjwa akitoka chumbani virusi vinaweza kubaki hewani mpaka masaa mawili. 2025 ilirudi kwa nguvu Texas, watoto wawili walikufa, wote hawakuwa wamechanjwa.

Upenyo upo lakini. Daktari akiandika kwamba mwili wako hauwezi, wanakubali, na chuoni New York sababu ya dini bado inapokelewa, shule za chini ndio waliifuta 2019. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo huku unaweza kuikataa kwa kusaini fomu. Chanjo ya korona vyuo vya serikali vya jimbo walilazimisha 2021, 2023 wakaacha.

Na dada wa Kibirizi uliyeuliza kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, Marekani hawakuombi. Ila usiiache, siku unarudi kupitia Bujumbura au unavuka Kongo utaihitaji, na tangu 2016 haiishi muda, ukichoma umechoma.