Kumpiga, si kuwapiga

Ndugu zangu, kuna sentensi ambayo wengi humu ukumbini mnaijua kwa ghibu: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Mwalimu Nyerere aliitamka Novemba 2, 1978, mbele ya wazee wa Dar es Salaam, majeshi ya Idi Amin yakiwa yameshaivamia Kagera. Leo tuipasue tuone ndani mna nini.

Aristotle aliyagawa yanayomshawishi msikilizaji mafungu matatu: imani kwa msemaji, hisia za wasikilizaji, na hoja yenyewe. Wanafunzi huyakariri, kisha huandika hotuba yenye aya moja kwa kila fungu, kama mtu anayekula wali peke yake, mchuzi peke yake, chumvi peke yake.

Sasa itazameni hiyo "m" ya "kumpiga". Anayepigwa ni mtu mmoja. Angesema "kuwapiga", Waganda wote wangeingia humo. Herufi hiyo moja inaelekeza hasira mahali pamoja, na hapo hapo inaiwekea hoja mpaka: ugomvi huu una mwenyewe. Halikuwa jambo dogo, maana Waganda waliokuwa uhamishoni walikuja kupigana bega kwa bega na jeshi letu.

Mpangilio nao. Mwanasheria angeanza na sababu. Hapa umetangulia uwezo, kwa kuwa aliyevamiwa hujiuliza kwanza kama ataweza, na mwenye hofu hasikii sababu hata ziwe kumi. Nia imewekwa mwisho kwa kuwa haithibitishwi, inaamuliwa tu. Ianze nia, utakuwa umesikia majigambo.

Kisha sauti. "Tuna uwezo wa kumpiga" ina maana ile ile, lakini imepooza. Nomino ikija mbele, kila kipande kinatua kwenye "tunao", "tunayo", "tunayo", mkazo ukiangukia "na", na msikilizaji anajikuta ndani ya hiyo "tu" kabla hajaombwa kuingia.

Imani kwa msemaji je? Haimo katika neno hata moja. Jina lenyewe la Mwalimu lilishaibeba, pamoja na urais wa tangu 1962. Mgombea udiwani wa mara ya kwanza hana akiba hiyo. Lazima aijenge ndani ya dakika ya kwanza, kwa jambo analolijua yule tu aliyefika kwenye kata yenyewe: visima vingapi vya kata vimekufa, pampu ipi iliharibika, fundi anatoka wapi. Anayesema "mimi ni mkweli" ameshaanza kutiliwa shaka.

Waigaji ndipo wanapoteleza. Kwenye kamati ya harusi mtu husimama, "uwezo tunao, sababu tunayo," watu wakaangua kicheko, kwa sababu daftari la michango liko mezani na halijafika nusu. Kwa hiyo, kabla ya kupanda jukwaani, soma rasimu yako kwa sauti. Kila penye "tunao" weka kidole, ujiulize: ushahidi uko wapi, na nani humo ukumbini anaujua tayari? Usipoupata, futa.

Pima na pumzi. Sentensi ile ina vipande vitatu, cha kwanza maneno manne, vingine havizidi matano. Kipande kikizidi pumzi moja, aliyekaa nyuma kabisa hupokea mkia tu.