"Sana" Inaficha Kitenzi

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Huu nilioushika ni mswada wa hadithi yangu fupi ya zamani. Mhariri aliponirudishia, alikuwa amezungushia kalamu nyekundu kila "sana" iliyokuwemo. Ukurasa wa kwanza peke yake una 9. Hakuandika maelezo mengine. Niliumia, lakini mpaka leo nahariri kwa kuifuata ile kalamu.

Niwasomee sentensi moja: "Mzee Hamisi, ambaye alikuwa amechoka sana, alianza kutembea polepole sana kuelekea nyumbani kwake." Maneno 13. Sasa sikilizeni hii: "Mzee Hamisi alijikokota hadi nyumbani." Maneno 5. Uchovu umo, mwendo wa polepole umo, na umeongezeka uzito wa miguu ambao mwanzoni haukuwemo. Nilipoandika "sana" mara mbili nilikuwa nakikwepa kitenzi kilichokuwa kinanisubiri.

Na Kiswahili hakijatunyima vitenzi. Anayenyata hataki asikike. Anayenyemelea ana windo mbele yake. Anayechechemea ana jeraha, anayepepesuka ana pombe au homa. Ukiandika "alitembea kwa siri sana" umewachanganya mwizi na mama anayepita asimwamshe mtoto, na hao si watu wa hadithi moja.

Hiyo "ambaye alikuwa amechoka" nayo tuitazame. "Mwanamke ambaye alikuwa amevaa kanga" ni "mwanamke aliyevaa kanga". Kirejeshi, yaani ile -ye ya "ambaye", kinaingia ndani ya kitenzi chenyewe, sentensi inapumua. Ziko sentensi zisizoweza kukosa amba-, hizo ziacheni.

"Ghafla" inanikera zaidi, maana inamwambia msomaji ashtuke kabla hajaona cha kumshtua. Andika: "Tulikuwa tunamega ugali. Mlango ukapigwa teke, paa!" Ile -ka- imeshaleta kasi, na tanakali, yaani neno linaloiga sauti kama hiyo "paa", imemaliza kazi. Ila tanakali nazo zina utamu wa sukari: ukizijaza kila aya, msomaji anakinai.

"Aliweza kuona moshi" ni "aliona moshi", isipokuwa kama kuona kwenyewe kulikuwa kazi. "Kitendo cha kuondoka kwake kilimuumiza" ni "kuondoka kwake kulimuumiza". "Kitendo cha" tumeiokota kwenye taarifa za habari, tuirudishe huko. "Alianza" ina haki yake pale jambo linapokatizwa: "Alianza kunyoa, umeme ukakatika." Kama hakuna kilichokatiza, mwacheni anyoe.

Naomba sana, na hii "sana" naitaka, msiingie na kalamu hiyo kwenye mazungumzo ya wahusika. Bibi akisema "Pole sana, mwanangu, pole kabisa," ndivyo bibi anavyosema. Nimewahi kuona hadithi ambayo mwandishi alifagia kila kitu, wahusika wote wakabaki wanaongea kama hati ya mahakama. Mle ndani ya alama za kunukuu, sikio la mtaani ndilo linaloamua.

Sasa toeni miswada yenu, ukurasa wa kwanza tu. Zungushieni "sana", "ghafla", "alianza" na "ambaye". Msifute chochote bado. Kila mmoja ampe jirani yake ukurasa wake, jirani amsomee kwa sauti, na mwenye kazi asikilize anapochoka yeye mwenyewe. Tuanze na dada wa pale dirishani.