Kuwahamishia Samaki na Mimea Kwenye Tangi Kubwa

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie kazi ambayo wengi wetu huiahirisha mwaka hadi mwaka: kulihamisha tangi la samaki lililokwisha kutulia, lenye mimea iliyofumana mizizi, na kuingiza kila kilichomo kwenye tangi kubwa zaidi. Woga huo naujua. Tangi likishatulia, mtu anaona ni afadhali samaki wabanane kuliko kulivuruga.

Mara yangu ya kwanza niliamini kwamba uhai wa tangi umo ndani ya maji. Nikayateka yote, ndoo baada ya ndoo, bila kumwaga tone. Sponji la chujio lilikuwa limejaa tope la kahawia, basi nikalipeleka bombani, nikalikamua na kulisuuza mpaka likarudia rangi yake ya dukani. Siku ya tatu samaki walikuwa juu kabisa ya maji, wakihema. Wiki haikwisha nilikuwa nimewapoteza sita. Na maji yalikuwa yale yale waliyoyazoea! Nilichokiua pale bombani ni lile tope.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake usiku na mchana, hata siku ambayo hajala. Amonia ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wapo wengine, hasa jamii ya Nitrospira, wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo mimea huila kama mbolea. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya Nitrospira huifanya kazi yote wenyewe, mwanzo hadi mwisho. Viumbe hawa hawaelei majini kwa wingi. Wanajishikiza: kwenye sponji, kwenye changarawe, kwenye magogo, hata kwenye majani. Wanahitaji oksijeni, na klorini ya maji ya bomba huwaua.

Kwa hiyo siku ya kuhama, chujio ndilo la kwanza kulifikiria. Likizimwa na kuachwa limefungwa, maji yaliyomo ndani huishiwa oksijeni baada ya saa chache na bakteria huanza kufa. Lifungueni, sponji mliweke kwenye ndoo yenye maji ya tangi la zamani, na pampu ya hewa ipulize humo muda wote. Msilisuuze siku hiyo. Kama mmenunua chujio kubwa jipya, liwasheni sambamba na la zamani kwa mwezi mzima au zaidi, au chukueni sponji la zamani mlitie ndani ya jipya. Mimi hupenda njia nzuri kuliko zote: chujio jipya nalifunga kwenye tangi la zamani mwezi mmoja kabla, lihamie likiwa tayari lina wenyeji.

Kuhusu uzito nitasema kwa kifupi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50 huchukua lita 300. Ongezeni kioo na changarawe, mnakaribia kilo 400. Meza iwe imara, pima maji, kile kifaa cha fundi cha kuonyesha usawa, iwekwe pande zote kabla ya tone la kwanza kuingia, na tangi lisisukumwe hata kidogo likiwa na maji, maana gundi ya silikoni ya kwenye kona haivumilii kupindwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Tangi la siku nyingi, hasa lililokuwa halibadilishiwi maji mara kwa mara, huelekea kwenye asidi. Pimeni pH, yaani kipimo cha asidi, ambacho chini ya 7 maji ni ya asidi; huenda mkaikuta 6 wakati maji ya bomba ni 7.5. Kwenye maji ya asidi, karibu amonia yote huwa katika umbo la amoniamu, ambalo haliwadhuru sana samaki. pH ikipanda kwa kipimo kimoja tu, ile sehemu yenye sumu huongezeka takriban mara kumi. Mtu anahamisha samaki pamoja na maji yao, anajazia maji mapya, pH inaruka, na kile kilichokuwa kimelala kinaamka. Samaki anakufa, na mwenyewe anasema wametiwa sumu dukani. Dawa yake ni subira. Wiki tatu au nne kabla ya kuhama, badilisheni robo ya maji kila baada ya siku chache, mpaka maji ya ndani yafanane na yale mtakayojazia. Hapo mtahama bila hofu, hata mkitumia maji ya zamani nusu tu. Maji mapya yatiwe dawa ya kuondoa klorini, na joto lisipishane na la zamani zaidi ya nyuzi 2.

Siku yenyewe, samaki wasilishwe tangu jana yake. Ng'oeni mimea kwanza, kisha magogo na mawe, halafu punguzeni maji yabaki kina cha kiganja. Ndipo mshike kimia. Kumkimbiza samaki kati ya majani ni kumtesa bure. Majani yakiondoka na maji yakipungua, anakamatwa kwa dakika moja. Ndoo iwe haijawahi kuguswa na sabuni, iwe na kifuniko, maana samaki aliyetishika huruka, na gizani hutulia upesi.

Mimea ikae na unyevu, ifunikwe kwa magazeti yaliyoloweshwa. Anubias na Java fern msizifukie shina, litaoza. Zifungeni kwenye gogo. Cryptocoryne nyingi zitayeyusha majani baada ya wiki moja. Msizing'oe! Mzizi uko hai, na majani mapya yatatoka yakiwa yamezoea maji mapya.

Changarawe ya zamani ndiyo inayobishaniwa. Ina bakteria, lakini chini yake kuna taka za miaka, na mahali pasipofika hewa panaweza kutoa harufu ya yai bovu. Mimi huchota ile ya juu tu, naisuuza polepole ndani ya maji ya tangi, naitandaza juu ya mpya. Ya chini naiacha. Na kama mmenunua udongo maalumu wa mimea, jueni kwamba aina nyingi hutoa amonia wiki za mwanzo. Huo usitiwe siku ile ile samaki wanapoingia. Uacheni uloweke kwenye tangi jipya, mimea michache ikiwemo, mpaka vipimo vya amonia na nitriti visome sifuri.

Wiki mbili za kwanza pimeni amonia na nitriti kila siku. Chochote kikionekana, badilisheni theluthi ya maji siku hiyo hiyo. Taa iwake kwa muda wa saa sita tu kwa siku, maana mimea iliyosumbuliwa haili vizuri na mwani utajitwalia nafasi. Chakula kiwe kidogo. Nafasi mtaiona kubwa na tupu, mkono utawasha kununua samaki wapya, subirini. Bakteria mliohamisha wanatosha kwa samaki wale wale, hawajaongezeka kwa sababu kioo kimekua.

Sponji la miaka minne liko kwenye ndoo hii hapa mbele, na pampu inapuliza. Njooni mlitazame na mlinuse, linanuka kama udongo baada ya mvua. Ila mwenye mikono ya sabuni naomba asiitie humo.